Maji Yasiyolalamikiwa

Siku ya tisini na moja tangu simu ya malalamiko ilie mara ya mwisho, Tusekile Mwakatobe aliinua mkono wa simu akausikiliza, kuhakikisha laini haijakatika. Haikuwa imekatika.

Mbele yake mezani palikuwa na vikombe arobaini vya maji, kimoja kwa kila mtaa wa Ndulilo, vilivyokingwa hapo kiwandani kabla maji hayajaingia mabombani. Alikuwa ameshavionja vyote: tone moja nyuma ya ulimi, analizungusha, analitema kwenye beseni, kisha anasuuza kinywa kwa maji yaliyokingwa kwenye ukungu, kutoka kwenye dumu lake mwenyewe. Ndiyo sheria ya mwonjaji. Hanywi maji ya mji, asije akayazoea ulimi ukawa kiziwi. Kwa miaka kumi na minne hakuwa amemeza hata funda moja la maji ambayo watu elfu sita waliyameza kila siku kwa kumwamini yeye.

Akaandika kwenye daftari kama kawaida: hayana harufu, hayana mafuta, hayana chumvi. Uchungu kidogo sana mwishoni.

Zamani simu ile ilikuwa haipoi. Maji yananuka samli. Maji yana utelezi. Kuna mzee alikuwa akipiga kila Jumatatu kusema kwamba maji ya leo ameyasikia yakicheua. Tusekile alikuwa akiwachukia kidogo watu wale, na sasa alijikuta amewakumbuka.

Alipogeuka kuangalia ukuta wa mita, aliona mshale wa mtaa wa Kilimani umelala kwenye sifuri. Chati yake ilionyesha kwamba ulikuwa umelala hapo tangu juzi. Nyumba mia moja na hamsini hazikuwa na maji kwa siku mbili, na hakuna aliyepiga simu.

Akachukua mkoba wa vifaa akapanda Kilimani kwa miguu.

Aliwakuta wanawake watano wamekaa kwenye msingi wa bomba la mtaa, ndoo tupu zikiwa miguuni. Walikuwa wakiongea taratibu, kama watu waliokwisha kushiba.

"Ugonile, dada," alisalimia mmoja wao, msichana aliyeitwa Bupe, mwenye mtoto mchanga mapajani.

"Ndaga. Maji yamekatika tangu lini?"

"Juzi asubuhi."

"Na mnakunywa nini?"

"Kulikuwa na kiasi kwenye pipa. Leo ndiyo yamekwisha."

"Mbona hamkupiga simu?"

Wakatazamana. Haikuwa aibu wala woga. Walionekana kama watu walioulizwa kwa nini hawakupaka jua rangi.

"Tuliona yatarudi," alisema Bupe.

"Dada Tusekile nawe," mwingine akasema kwa upole, "una moto sana. Kaa kidogo upumzike."

Tusekile alizoea kuambiwa hivyo. Mji mzima ulijua kwamba mwonjaji ana hasira za karibu, na hata yeye alikuwa ameshaamini. Akainama kwenye shimo la valvu, akakuta kipande cha kutu kimekwama, akakitoa kwa koleo. Maji yakaanza kukohoa bombani. Hakuna aliyeshangilia. Bupe alisimama kukinga ndoo, akamwachia Tusekile mtoto amshikie.

Mtoto alikuwa mwepesi kupita kiasi. Alikuwa macho, akimtazama Tusekile kwa utulivu wa mtu mzima, lakini ngozi ya mkono wake ilijikunja kama soksi kubwa kwenye mguu mdogo.

"Ana miezi mingapi?"

"Minne kasoro wiki."

"Anakula vizuri?"

"Namkorogea unga wa maziwa, mimi yalikauka nilipougua. Akipewa anakula. Ila haombi." Bupe akatabasamu. "Huyu ana baraka zake. Tangu azaliwe hajawahi kulia."

*

Kuna mambo ambayo mtoto wa Ndulilo huyajua kabla hajajua kusoma. Vijito vya Rungwe vilipokauka, ukungu uliendelea kutua juu kwenye uwanda wa Kitulo. Haukutosha kujaza mto, ila ulitosha kulowesha majani. Ng'ombe wakala majani. Katika kila lita mia za maziwa, lita themanini na saba ni maji. Kwa hiyo ng'ombe akawa ndiye kisima kinachotembea. Maziwa yalishuka kwa bomba hadi kiwandani Ndulilo, yakakaushwa kuwa unga, na kile kilichobaki, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, majimaji ya jibini na maji ya kuoshea matangi, vyote vikaelekezwa kwenye ngozi.

Ngozi hizo zilikuwa hai. Zilikuwa mashuka ya bakteria waliofumana, laini kama utando wa maziwa yaliyopoa, na kazi yao ilikuwa kula uchafu wa maziwa na kuacha maji yapite. Kila mtaa ulikuwa na ngozi yake. Na kanuni ya kuzitunza ilikuwa rahisi, iliandikwa siku ya kwanza kabisa, miaka ishirini na moja nyuma: ngozi ambayo mtaa wake unalalamika sana ing'olewe, ngozi ambayo mtaa wake haulalamiki ikatwe vipandikizi, vipandwe mahali pa zile zilizong'olewa.

Tusekile aliketi mbele ya mashine ya vipimo akiwa na kikombe cha Kilimani. Kila siku mashine ile iliulizwa maswali kumi na tisa: je, kuna mafuta, kuna sukari, kuna vijidudu, na kadhalika. Kwa miaka yote ilijibu hapana mara kumi na tisa. Safari hii hakuiuliza swali. Aliiambia itaje kila ilichokiona.

Ilichukua kutwa nzima. Alasiri ikataja kitu kimoja ambacho hakikuwemo kwenye orodha: kipande kifupi cha protini ya maziwa, pingili saba tu kwa urefu. Akakitafuta kwenye vitabu vya tiba. Kilikuwa kichungu kwa mbali. Kikifika kwenye ubongo kilifungua mlango uleule unaofunguliwa na afyuni, ila kwa ustaarabu zaidi, kama mgeni anayebisha hodi.

Akafungua madaftari ya zamani, lake na ya mwonjaji aliyemtangulia. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa ameuchora ukoo wote kwenye karatasi. Ngozi zote arobaini zilikuwa vitukuu vya ngozi moja, ya kumi na saba, ambayo mtaa wake uliacha kulalamika mapema kuliko mitaa mingine.

Hakuna aliyeifundisha. Walikuwa wamefanya kile ambacho mkulima hufanya kwa mahindi: kila msimu unachagua gunzi unalolipenda, unatupa usilolipenda. Wao walidhani wanachagua maji matamu. Kumbe walichagua ngozi zinazojua kumnyamazisha mnywaji, kwa sababu ngozi ya namna hiyo ndiyo peke yake iliyoachwa hai.

Tusekile alikaa akiitazama karatasi ile kwa muda. Alipaswa kuogopa, na hofu ilikuwepo mahali fulani. Lakini kilichotangulia kilikuwa kitu kinachofanana na furaha, ile ya kupata jibu la kitendawili kilichokuwa kinywani mwake miaka kumi na minne, nyuma ya ulimi.

Kesho yake asubuhi alimpelekea Bupe dumu la maji ya ukungu. "Mkorogee mtoto kwa haya tu," alimwambia. Siku ya tatu Bupe alikuja kiwandani macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, akasema mtoto analia kila baada ya saa mbili na anakula kama askari. Alilisema kama mtu anayeleta habari ya ugonjwa.

*

Mhandisi Ambakisye Mwaipaja alikuwa mkuu wa mitambo tangu kiwanda kilipojengwa. Alisoma karatasi ya Tusekile mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Kazi safi, mwanangu," alisema.

"Mzee, umeelewa nilichoandika?"

"Nimeelewa. Tumekuwa tukiwanywesha watu kitulizo bila wao kujua wala sisi kujua." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tarehe. "Ni jambo zito."

"Basi mbona hushtuki?"

Ambakisye alifikiri. "Hilo nalo ni swali zuri," akasema.

Baada ya siku kumi na mbili malori ya miji saba yalikuwa yaje kuchukua vipandikizi. Miji ile nayo ilikuwa na ng'ombe na haikuwa na mito, na sifa ya Ndulilo ilikuwa imewafikia: mji usio na ugomvi.

"Wewe ulikuwa mdogo," Ambakisye alisema. "Hukumbuki visima vya mwisho. Mimi nilishika panga kisimani, Tusekile. Mimi hapa, mwanakwaya. Nilimkata jirani yangu kwa sababu ya ndoo. Ukiitoa amani hii, utawapa nini badala yake?"

"Sina. Ila kuna mtoto aliyekuwa anakufa njaa kwa sababu hakujua kulia. Na kuna mtaa uliokaa kwenye ndoo tupu ukingoja."

"Basi tuwaulize," mzee alisema. "Tuitishe mkutano."

"Watakuja watu ishirini. Ukiwaambia tunakitoa kitulizo, watasema sawa. Ukiwaambia tunakiacha, watasema sawa. Hilo si jibu, ni maji yanajijibu yenyewe."

"Kitoe kwanza, uwaulize wakiwa na akili zao."

"Nitakuwa nimeshawaamulia."

Nje, pampu ya maziwa ya Kitulo ilikuwa ikivuta pumzi na kushusha. Ili watu waulizwe ilibidi kwanza wabadilishwe, na ili wabadilishwe kwa haki ilibidi kwanza waulizwe. Tusekile alilizungusha jambo lile kichwani kila upande, hakuona mlango.

"Nikuambie kitu?" Ambakisye alisema. "Wewe unalijua jambo hili kwa ncha ya ulimi. Hujawahi kumeza. Unataka kuwapokonya watu kitu usichojua kinakaaje tumboni."

"Na wewe hujui kukaa bila hicho kitu."

Mzee akalitazama dumu la maji ya ukungu kando ya meza. "Siku saba," akasema. "Nipe maji yako ninywe, nawe unywe yangu. Kisha tukae hapa hapa tuamue. Siku tano zitakuwa zimebaki kabla ya malori."

Tusekile akakubali. Alitaka kujua, hilo hakulificha. Kabla ya kumeza kikombe cha kwanza aliandika karatasi ya mambo ya kufanya kesho yake, la kwanza likiwa kupita kliniki kuulizia watoto wengine wachanga wanaokunywa unga wa maziwa. Akaitia mfukoni. Kisha akanywa.

*

Siku ya kwanza hakusikia kitu. Siku ya pili aligundua kwamba mabega yake yalikuwa yameshuka. Hakuwa amejua kwamba siku zote huyapandisha. Siku ya tatu alimkumbuka dada yake aliyekufa akijifungua, na kumbukumbu ikaja ikaketi karibu naye kama mtu, bila kumchoma. Alilia kidogo kwa shukrani. Akaelewa ni nini hasa ambacho alitaka kuwanyang'anya watu, na kwamba hakikuwa kitu kidogo.

Siku ya nne aliingiza mkono mfukoni akaikuta ile karatasi. Aliisoma. Maneno yalikuwa wazi na mwandiko ni wake. Kliniki, watoto. Aliona ni jambo la maana na kwamba atalifanya. Akairudisha mfukoni, akaendelea kuota jua.

Siku ya saba alikuwa ofisini mlango ulipofunguliwa kwa nguvu hadi ukagonga ukuta.

Ambakisye hakuwa amenyoa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mke wangu amekufa," alisema.

"Mama Tumpe? Mzee, Mama Tumpe ana miaka sita tangu..."

"Miaka sita. Nilimzika Jumamosi, Jumatatu nikaja kazini. Watu wakanisifu. Nikadhani ni imani." Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyeangushwa. "Amekufa jana, Tusekile. Kwangu mimi amekufa jana. Sikumlilia mke wangu."

Tusekile aliinuka akamshika bega. "Pole, mzee. Yatapita. Kunywa maji kidogo."

Alimpa kikombe cha maji ya mji kilichokuwa karibu, na hakukusudia kitu. Ambakisye alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye usoni kwa muda mrefu, akitafuta mtu aliyemjua humo ndani.

"Unaona unachofanya?" aliuliza polepole.

Tusekile alijaribu kuona. Ilikuwa kama kujaribu kukunja ngumi ukiwa umetoka usingizini. "Nadhani naona," alisema. "Lakini hakuna haraka, mzee. Malori yana siku tano."

Mzee alisimama akatoka. Alishuka kwenye chumba cha baridi, mahali zilipohifadhiwa ngozi za mwanzo, zilizogandishwa kabla ya chaguo la kwanza. Alifanya kazi peke yake hadi jioni, aking'oa ngozi za mitaa moja baada ya nyingine na kupandikiza zile za zamani. Tusekile alisimama mlangoni akimtazama. Hakumsaidia wala hakumzuia, na baadaye, akili ilipomrudia, hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote: kwamba katika saa ile mwonjaji wa Ndulilo alikuwa mtazamaji.

Malori yalipofika yalirudi matupu. Ambakisye aliwaambia madereva ukweli, wote saba, na hawakumwamini.

*

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Watu waliumwa vichwa, wakakosa usingizi. Ndoa tatu zilivunjika mtaa mmoja. Mtu alichomwa kisu sokoni, akapona. Maji yalinuka samli, na kila mtu alilisema hilo kwa sauti. Halafu ukaitishwa mkutano.

Waliotarajiwa kukaa ukumbini walijaza uwanja wa kiwanda, wengine wakapanda juu ya matangi. Tusekile na Ambakisye walisimama mbele wakaeleza kila kitu: ukoo wa ngozi, kitulizo, siku saba. Walieleza pia kwamba vipandikizi vya mwisho vya ngozi za kitulizo bado vipo hai kwenye tangi moja dogo, na mji ukitaka utarudishiwa.

Walibishana hadi jua likageuka. Mwanamume mmoja alisema anataka amani yake irudi, hakuomba aokolewe. Mwingine alisema bora kidonda kinachouma. Kuna aliyetaka mabomba mawili, kila mtu achague lake. Bupe alisimama akasema mtoto wake sasa ana mashavu, akamshukuru Tusekile kwa lile dumu la maji ya ukungu.

Kisha akasimama mwanamke ambaye Tusekile hakumjua. Aliitwa Tumwitike, wa mtaa wa Mashineni. Hakupaza sauti.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Bupe ulimpa maji ya ukungu siku ngapi kabla ya mzee kubadilisha ngozi?"

Tusekile alihesabu. "Kumi na moja."

"Kwa hiyo siku kumi na moja ulikuwa unajua maji yanawafanya nini watoto wachanga."

"Nilikuwa najua."

"Wa kwangu yuko hospitali ya wilaya. Wanasema atapona, ila jicho moja halifuati mwanga. Naye alikuwa hajui kulia." Akamwonyesha Bupe kwa kidole. "Bupe ulimpa. Mimi hukunipa."

Tusekile alikuwa na majibu. Angeweza kutaja karatasi ya mfukoni, angeweza kusema kwamba siku zile akili haikuwa yake. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyekubali kumeza kikombe cha kwanza kabla ya kwenda kliniki alikuwa yeye, mwenye akili zake timamu, kwa sababu alikuwa na hamu ya kujua.

"Ni kweli," alisema. "Nilitakiwa kwenda nyumba kwa nyumba siku ileile. Sikwenda."

Wakapiga kura. Hoja ya mabomba iliahirishwa mwezi mmoja, ili watu walale na kuamka nayo kwanza. Hoja ya kuwaondoa kazini mwonjaji na mkuu wa mitambo ilipita kwa mikono mingi kiasi kwamba haikuhesabiwa. Bupe naye aliinua wake, akimtazama Tusekile machoni, machozi yakimtoka. Ambakisye alivua kofia ya kazi akaiweka chini. Tusekile aliutazama msitu ule wa mikono yenye hasira, akasikia uchungu kifuani, na chini ya uchungu kitu kingine alichoona haya kukiita faraja.

Alikuwa akivuka geti aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Tumwitike.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe." Walitembea bega kwa bega hatua kadhaa. Tumwitike alikuwa amekunja uso, kama mtu anayepiga hesabu. "Lakini ile habari ya kuchagua ngozi. Tuliponyamaza ikapendwa, tulipolalamika ikang'olewa. Hivyo ndivyo ilivyojifunza?"

"Ndivyo."

"Na ile kanuni bado ipo? Ya kung'oa zinazolalamikiwa?"

Tusekile alisimama. "Bado ipo. Hakuna aliyeifuta."

"Basi leo watu wote wanalalamika," Tumwitike alisema. "Kesho watalalamika tena. Zitang'olewa, zitapandwa, zitang'olewa. Safari hii tunazifuga ziwe nini?"

Kwa miaka kumi na minne Tusekile alikuwa ameonja maji ya mji huu, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri kiasi kile.

"Sijui," alisema.

"Nami sijui. Ndiyo maana nakuuliza." Tumwitike akageuka kurudi kulikokuwa na watu, mikono nyuma, akitembea haraka. "Twende basi. Bado hawajatawanyika."